Gogo la Kaka Savino

Mtaa wa Ngazi, Namba 14,
Roccalavena.
18 Mei 2014

Mpendwa Kaka Savino,

Salamu nyingi kutoka kwetu mlimani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimetulia, na ule ukungu wa Liège umekuachia angalau saa moja ya jua kila siku. Sisi huku hatujambo. Mimi ni magoti tu, ambayo siku hizi hunitangazia mvua kabla ya redio. Mke wangu Lucrezia ana jino linalomsumbua tangu Kwaresima, lakini kwa daktari hataki kwenda kwa sababu, anasema, daktari mwenyewe meno hana.

Tangu shemeji Ghislaine atutoke, hakuna Jumapili ambayo Lucrezia hakumwashia mshumaa, ingawa hatukuwahi kumwona ila kwenye picha. Pole tena, kaka yangu. Najua nyumba ya mtu mmoja ni kubwa mno, hata ikiwa na vyumba viwili.

Mizeituni ya baba tulimaliza kuipogoa mwezi wa tatu. Ule mkongwe wa karibu na ukuta, uliokaushwa na theluji, nilikuwa nimeshauwekea msumeno shinani, Lucrezia akaona chipukizi na kunizuia. Nilimwambia mti ule utatuzika sote. Akajibu kwamba mtu akizikwa na mti wake mwenyewe hana la kulalamika.

Kazi ya kuwatembeza wageni nayo inaendelea. Bajaji nimeipaka upya rangi ya njano na kuiwekea turubai jipya, maana la zamani lilikuwa linavuja juu ya kiti cha kulia, na kila mgeni aliyekaa pale alidhani ameketishwa hapo kwa makusudi. Wameanza kuja tangu Pasaka. Nawapakia kwenye lango la chini, watatu watatu, tunapanda kwa Mtaa wa Wafinyanzi, tunazunguka kanisa la San Biagio, tunashuka kwa Mtaa wa Ngazi mpaka uwanja mdogo wenye hodhi la maji. Haya yote nimekuandikia kila Krismasi kwa miaka kumi na mmoja. Jambo moja sijawahi kukuandikia: maneno ninayowaambia nikifika pale kwenye hodhi.

Kaka, hii ni barua ya tano. Nne za kwanza nilizichana. Keti kwanza, kisha uendelee kusoma.

Nikifika pale huzima injini na kuwaonyesha wageni mdomo wa hodhi, pale jiwe lilipomegeka. Wanapiga picha. Kisha huwaambia hivi. Zamani hapa kijana akimtaka binti hakutuma mshenga. Alikata gogo la mwaloni, akalifunga utepe, akaliacha alfajiri mlangoni kwa akina binti. Likiingizwa ndani, amekubaliwa, na gogo hukaa kando ya meko kungoja harusi. Likisukumwa nje, basi, mteremko wenyewe mnauona. Sasa, kaka yangu gogo lake liliingizwa, nguruwe akachinjwa, padri akaarifiwa, na siku moja kabla ya harusi mwanamume akaja alfajiri kuliiba gogo lake mwenyewe. Akalisukuma mtaani na kukimbia mbele yake. Gogo lilisimama hapa, likamega jiwe hili. Kaka yangu hakusimama. Alifika Ubelgiji, na nasikia mpaka leo anakimbia.

Wanacheka sana. Nimewachekesha Wajerumani, Waholanzi, hata mapadri wawili kutoka Milano.

Wewe unajua, lakini acha niseme, hali ilivyokuwa hapa baada ya wewe kuondoka. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba alikisoma kile kikaratasi chako cha mstari mmoja, “Gogo nimelitoa mwenyewe, asilaumiwe mtu mwingine,” akakitia motoni, na jina lako likawa halitajwi mezani. Mama alilia kimyakimya mpaka alipokufa. Shuleni waliniita Kigogo. Prospero, yule ambaye siku hizi ni kinyozi, alikuwa akinipita na kukimbia hatua tatu huku akigeuka nyuma kama mtu anayefukuzwa, na wenzake wakianguka kwa kicheko. Nikajifunza kucheka kabla yao, kwa sababu anayejicheka mwenyewe huwaharibia wengine karamu. Kufikia utu uzima nilikuwa naisimulia hadithi ile kuliko wote. Nilipopata bajaji nikaigeuza kuwa kazi. Huo ndio ukweli, na si udhuru.

Sasa habari yenyewe. Mwezi uliopita, siku ya Jumanne baada ya Jumapili ya Pasaka ndogo, ile inayofuata Pasaka yenyewe, nilipakia Wadenmaki wawili, mtu na mkewe, na msichana mmoja mwenye nywele fupi na mkoba wa kijani. Msichana hakusema neno njia nzima. Nilidhani ni wa kwao. Nikawaonyesha tanuri la zamani na msalaba uliopigwa na radi, nikapiga honi kila kona kama kawaida, maana huku kona haina macho. Tukateremka mpaka kwenye hodhi, nikatoa hadithi yangu. Siku hiyo niliitoa vizuri kupita kiasi, hata nikakimbia hatua tatu kama Prospero. Wadenmaki wakacheka mpaka yule mke akajifuta macho.

Msichana hakucheka. Aliniuliza kwa kilugha chetu cha mlimani, tena kile cha zamani, chenye maneno ambayo sijayasikia tangu mama alipokufa: “Na yeye mwenyewe, umewahi kumwuliza?”

Kabla sijajibu alisema, “Mimi ni Noémie. Mama yangu ni binti wa Savino.”

Ndiyo, kaka. Alikuaga kwamba anakwenda Roma na wenzake. Hakwenda Roma. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi yalinijia pamoja na mjukuu mwenyewe, ameketi kwenye kiti changu cha nyuma. Nilimwangalia nikaona paji lako la uso na ile namna yako ya kubana midomo unapokasirika usitake ionekane. Nilitamani jiwe lile limegeke tena, safari hii liniangukie mimi.

Nilijaribu kusema jambo, nikasema upuuzi. Nilisema ni utani tu wa wageni. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba babu yake amekataa kurudi nyumbani tangu bibi afe, ingawa watoto wote wamemsihi, kwa sababu anasema akirudi Roccalavena watamcheka. Yeye alimwambia babu yake kwamba baada ya miaka hamsini na tatu hakuna anayekumbuka. Ndipo akaja kimya kuhakikisha. “Nilitaka nimpelekee habari njema,” alisema. “Nimekuta anachekwa kila siku, tena na ndugu yake wa tumbo moja.”

Basi ndipo madirisha ya mbao ya juu yetu yalipofunguka.

Unajua nyumba inayotazama hodhi ni ya nani. Mwalimu Incoronata bado anaishi mle mle, katika nyumba ya baba yake. Miaka kumi na mmoja yote, kila bajaji yangu ilipoteremka, alikuwa akifunga madirisha, nami nilidhani ni kwa ajili ya moshi na kelele za injini. Hata siku moja sikufikiri kwamba hadithi yangu ina mtu wa pili ndani yake, na kwamba mtu huyo ana masikio. Nikikumbuka hilo naona aibu kuliko yote mengine.

Aliteremka na fimbo yake, pole pole, akasimama mbele ya msichana, akamtazama uso. Akauliza kama uko hai. Alipoambiwa ndiyo, aliketi ukingoni mwa hodhi, akaniita kama alivyowaita wanangu darasani.

“Canio, hadithi yako ina kosa moja,” alisema. “Gogo nililitoa mimi.”

Sikuelewa.

“Baba ndiye aliyeliingiza. Mimi hakuna aliyeniuliza. Alfajiri ile nilifungua mlango nikalisukuma kwa miguu yangu miwili. Savino alikuwa hapa ananywesha punda, nusura limvunje mguu. Aliona ni mimi. Hakuuliza kosa lake ni nini. Aliniuliza, ‘Unataka nini, Incoronata?’ Nikamwambia nataka kusoma. Akasema, ‘Rudi ndani ufunge mlango. Nimelitoa mimi.’”

Haya wewe unayajua, kaka, na ulinyamaza nayo miaka hamsini na tatu. Mimi niliyasikia siku ile nikiwa na miaka sitini na saba. Alisema baba yake angegundua ni yeye, angemvunja mifupa na bado angemwoza kwako, au kwa mwingine mbaya kuliko wewe. Lakini binti aliyekimbiwa siku moja kabla ya harusi, hapa kwetu, alihesabiwa ameharibika. Hakuna gogo jingine ambalo lingekuja mlangoni. Mzee akaona heri ampeleke Potenza kwa masista asome ualimu, kuliko kumtazama kila siku mezani. Hivyo ndivyo mji huu ulivyompata mwalimu. Wanangu wote watatu walijifunza kusoma kwake. Hata Prospero, kwa shida, alijifunza kwake, katika masomo ya jioni ya watu wazima.

Nilimwuliza kwa nini hakusema, hata baada ya baba yake kufa. Hakunificha. Alisema kwanza aliogopa, kisha akawa na kazi na heshima, kisha ikawa mazoea. “Aibu ilikuwa yake na raha ilikuwa yangu,” alisema. “Mtu huzoea raha upesi. Kila ulipokuja na wageni wako nilifunga dirisha, nikasema kesho nitateremka. Wewe ulimcheka, Canio, lakini mimi niliyejua ndiye niliyekuacha umcheke.”

Noémie alimshika mkono. Akamwambia kwamba wewe kila ukipata barua yangu ya Krismasi hutafuta kwanza habari za mwalimu, na ukikuta bado anafundisha husoma mstari huo kwa sauti. Kaka, ni kweli uliniuliza mwaka hata mwaka, “Na Mwalimu Incoronata yupo darasani bado?” Mimi nilidhani ni dhamira inakusuta. Mwalimu aliposikia hivyo alilia waziwazi pale hodhini, bila kujifunika uso, na mimi nililia pamoja naye. Mama wa Kidenmaki alikuwa ametafsiriwa mambo na Noémie kidogo kidogo, naye akatoa leso, akatugawia sote.

Nilifikiri yameishia hapo. Mwalimu alisimama, akapanda bajaji, akajibana kati ya Wadenmaki na mkoba wa kijani, akanigonga begani na fimbo.

“Endesha,” alisema. “Leo kiongozi wa msafara ni mimi.”

Sijawahi kufanya safari kama ile. Tulipanda upya mlima mzima, injini inalia kwa uzito, na kila alipotaka nisimame alinigonga. Alinisimamisha penye duka la mikate, penye ngazi za kanisa ambapo akina mama walikuwa wanapanga maua, na mbele ya mkahawa wa Uwanja Mkubwa ambako wazee hucheza karata asubuhi hadi mchana. Kila mahali alisema yale yale kwa maneno machache, kama mtu anayesoma imla: gogo nililitoa mimi, Savino alibeba lawama yangu, huyu ni mjukuu wake, mwamkieni. Hakushuka wala hakungoja pole. Akimaliza ananigonga, twende.

Pale mkahawani karata zilibaki hewani. Wazee walivua kofia mmoja mmoja. Prospero, ambaye alikuwa anakaribia kushinda, alijaribu kulichukulia kimzaha.

“Mwalimu,” alisema, “ndiyo kusema unanipa zoezi la kusahihisha uzeeni?”

“Ndiyo,” alijibu. “Na Jumatatu nitakuja kukagua.”

Hakuna aliyecheka. Prospero aliweka karata zake chini, akaja mpaka kwenye bajaji, akampa Noémie mkono kwa mikono yake miwili. Kisha alirudi kuketi, akawa anatazama meza. Lucrezia anasema tangu siku ile ananyoa watu kimya, na wateja wamefurahi.

Noémie alikaa kwetu siku nne. Alilala katika chumba chako, kwenye kitanda cha chuma kile kile, na Lucrezia alimlisha mpaka akaomba huruma. Anapenda pilipili kavu za kukaanga, hizo tunazotundika kwenye dari, na alikula bakuli zima akisema zako unazonunua kule hazina sauti ukizitafuna. Alikwenda kwa Mwalimu kila jioni. Waliyoongea sijui, na safari hii sikuuliza.

Siku ya kuondoka nilimwuliza atamwambia babu yake nini. Nilitumaini, nakiri, kwamba mengine angeyapunguza njiani. Akaniambia, “Ya Mwalimu nitamwambia mimi. Ya kwako utamwambia mwenyewe, Babu Canio. Sitafungua mdomo wangu mpaka barua yako ifike.” Kwa hiyo msichana huyu anakaa na jambo hili kifuani wiki ya tatu sasa, na anakuja kukunywesha kahawa kila Alhamisi kama kawaida, anakuangalia kama umepata posta. Damu yake imetoka kwako, wazi. Mtu anayejua kunyamaza kwa ajili ya mwenzake hatoki kwangu mimi.

Basi nakuambia. Nilikucheka, Savino. Nilikucheka mbele ya watu nisiowajua, miaka kumi na mmoja, msimu kwa msimu, asubuhi, adhuhuri na alasiri. Nilikuita mwoga, na katika nyumba yetu wewe ndiye uliyekuwa na moyo. Ulikuwa na miaka ishirini na mitatu, ukaacha mama, punda, mizeituni na jina lako, ili msichana ambaye hakukutaka apate kwenda shule. Mimi nisingeweza. Nakuomba msamaha, si kwa utani, na hakuna mtu karibu yangu sasa ninapoandika isipokuwa Lucrezia, ambaye amekaa mlangoni kuhakikisha barua ya tano haichanwi.

Mwalimu ameniomba nikuandikie maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyatia chumvi: “Mwambie sitaki anisamehe kwa barua. Mwambie aje, nimshike mkono uwanjani saa ya kutoka misa.”

Mimi pia nasema njoo. Noémie amekwisha kuangalia treni, anasema Julai hazijajaa, na atakuleta mwenyewe. Chumba kimepakwa chokaa. Na kama huwezi kunisamehe, njoo hivyo hivyo. Simama pale kwenye hodhi unitukane kwa sauti, mji mzima usikie, kwa kuwa nami sikukucheka kwa kunong'ona. Nitazima injini nikae kimya mpaka umalize, halafu nitakupandisha nyumbani.

Lucrezia anakusalimu na kukukumbusha usilale na dirisha wazi. Wanangu Egidio na Vitale wanakusalimu, na Filippa aliyeko Bari pia, ambaye nilipompa habari hii kwa simu alikata simu, akapiga tena baada ya saa nzima akilia. Nisalimie binti yako na mumewe. Mbusu Noémie, umwambie sasa anaweza kusema.

San Biagio akulinde koo na kifua, akulainishie njia yote mpaka kwenye lango letu la chini.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kuliko nilivyoonyesha,

Canio